Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Kiswahili na Rangi za Nuru

Kuna dai lililokita mizizi hata miongoni mwetu tunaokisomea Kiswahili vyuoni, kwamba lugha hii haiwezi kuibeba sayansi. Ushahidi unaotolewa aghalabu ni rangi: eti tuna vivumishi vitatu tu vinavyochukua viambishi vya ngeli, yaani -eusi, -eupe na -ekundu, ilhali rangi zilizosalia ni majina ya vitu. Kwa maoni yangu dai hili ni potofu, na nuru yenyewe yalikanusha.

Nuru tuionayo ni sehemu ndogo mno ya mawimbi ya sumakuumeme. Urefu wa wimbi lake ni kati ya nanometa 400 na 700 hivi, kutoka urujuani hadi wekundu. Mawimbi mafupi zaidi ya hayo ni miale ya urujuanimno na eksirei. Marefu zaidi ni miale ya joto aliyoigundua William Herschel mwaka wa 1800, kisha mawimbi ya redio. Ndani ya nuru hiyo hamna mipaka. Rangi moja huyeyukia katika nyingine, nasi wanadamu ndio tuwekao mipaka kwa lugha zetu. Isaac Newton mwenyewe alitaja rangi kuu tano kwanza, kisha akaongeza mbili zikawa saba, ili zilingane na sauti za ngazi ya muziki.

Iwapo ndivyo, pana aibu gani Mswahili kuziita rangi kwa majina ya jani, manjano, zambarau au kahawa? Kiingereza nacho kiliazima jina la rangi ya machungwa kutoka kwa tunda, na la urujuani kutoka kwa ua. Hakuna aliyekiambia kwamba hakifai maabarani.

Isitoshe, istilahi zetu hujieleza. Asikiaye "sumakuumeme" husikia sumaku na umeme. Asikiaye "urujuanimno" hutambua kwamba kilichotajwa kimeupita urujuani. Hata hivyo, fizikia katika shule zetu za upili hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri, akafaulu mtihani, kisha akashindwa kumweleza mama wa mtoto mwenye ualbino kwa nini mwanawe anahitaji kofia hata mawingu yanapotanda. Elimu isiyofika kwa mama huyo ina faida gani?

Sikatai kwamba vitabu ni haba. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu Katiba ya mwaka wa 2010, na uhaba huo hautaondolewa na malalamiko. Napendekeza kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa sayansi, uandikwe na mwanafunzi wa Kiswahili pamoja na mwenzake wa fizikia, mmoja akichunga lugha na mwingine akichunga ukweli.

Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya mwenzetu. Nyota yetu inawaka. Kilichobaki ni kutweka tanga.