Theluji ya Kibo Isiwe ya Pamba

Kila yanapofanywa maonyesho ya kazi za wanafunzi, mfano wa mlima Kilimanjaro haukosi. Wengine huufinyanga kwa udongo, wengine kwa magazeti yaliyolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga. Chini hupakwa rangi ya kijani, katikati hudhurungi, na kileleni huwekwa fungu la pamba. Wazazi hupita, husimama kidogo, husema, "Naam, huo ndio Kilimanjaro." Mwalimu hutoa alama zake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Mimi nasema haijakwisha. Fungu lile la pamba latufundisha uongo, tena uongo mkubwa kuliko tunavyodhani, na yafaa tuliache.

Najua nitaulizwa: mtoto wa Mang'ola atajuaje theluji? Ni kweli, hatuijui. Mlima wetu ni Oldeani, nao hauna barafu kileleni. Weupe tuujuao ni ule wa ziwa Eyasi wakati wa kiangazi, maji yanaporudi nyuma na kuacha ukoko wa chumvi na magadi unaoumiza macho. Lakini kutokijua kitu si ruhusa ya kukibuni. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mtu aliyekuwa akimwongoza njia hakuwa na jina la kitu kile; alikiita baridi tu. Habari ilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia wa London, W. D. Cooley, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Cooley hakupata kuuona mlima wenyewe. Alikuwa na vitabu vyake tu. Yule mwongozaji naye hakuwa na kitabu, lakini alisema lile alilolijua, wala hakuongeza neno. Kati ya hao wawili, nani alikuwa mwanajiografia bora?

Basi na tuupime mlima kwa hesabu, maana hesabu haihitaji mtu awe ameona theluji. Tuchukue kipimo cha ramani za Serikali, yaani 1 kwa 50,000. Kwa kipimo hicho sentimita 2 za mezani ni kilomita 1 ya ardhi. Kibo una mita 5,895 juu ya bahari. Tukianzia tambarare iliyo kwenye mita 900 hivi, mlima wetu utasimama sentimita 10 tu. Kreta ya kileleni, ambayo upana wake ni kama kilomita 2 na nusu, itakuwa na upana wa sentimita 5. Sasa weka pamba yako juu yake. Pamba yenye unene wa sentimita 2 ni theluji ya kina cha mita 1,000! Hapana mahali katika Kilimanjaro penye kitu kama hicho. Mwaka 2000 wataalamu wa Kimarekani walioongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu ya upande wa kaskazini ya Kibo, wakafika kwenye mwamba baada ya mita kama 50. Kwa kipimo chetu, mita 50 ni milimita 1. Na theluji mpya iangukayo usiku mmoja haifiki hata unene wa rangi ya brashi.

Hapo twapata kanuni ya kwanza ya kazi hii: barafu ikatwe katika kadi, na theluji ipakwe kama vumbi. Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili. Barafu ya Kibo ni ya miaka mingi, imeshikamana, na kingo zake mahali pengi husimama wima kama ukuta. Kwa hiyo kadi nyeupe ya milimita 1, kama ile ya boksi la viatu, iliyokatwa kwa wembe na kubandikwa, yafanana nayo zaidi kuliko pamba. Kwenye ukingo pakaa rangi nyeupe iliyotiwa tone moja la wino wa buluu, maana barafu nene huonyesha ubuluu kivulini. Theluji mpya, kwa upande mwingine, huanguka zaidi katika miezi ya mvua, hukaa kwa muda mfupi, kisha hutoweka. Hukaa penye ubapa na mashimoni. Kwenye majabali ya wima haishiki. Kwa hiyo pakaa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji mahali palipo bapa tu, kisha nyunyiza unga wa chaki kwa chujio la chai. Ikikauka, pulizia kwa mdomo unga usioshika uondoke. Miamba iliyobaki wazi ndiyo itakayomfanya mtazamaji aamini kwamba anaona mlima.

Kwa habari ya vifaa, nasema kwa kuwa nimekwisha jaribu na kukosea. Mfano wangu wa kwanza niliutia chumvi, nikijiona mwerevu kwa sababu humeta kama theluji ya kwenye picha. Mvua zilipokuja chumvi ikanyonya unyevu, kilele kikalowa, rangi ya hudhurungi ikatiririka mpaka msituni, na misumari iliyoshika ubao ikapata kutu. Unga wa mahindi huita panya na wadudu. Magadi ya kuokea mikate huwa mazuri siku ya kwanza, lakini yakichanganywa na gundi baada ya muda hugeuka manjano. Na pamba, katika vumbi letu la hapa, haimalizi muhula mmoja bila kuwa na rangi ya barabara. Chaki haina makosa hayo, na vipande vyake vilivyovunjika hupatikana chini ya kila ubao wa darasa.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu si chaki wala kadi. Ni swali la kiasi gani cha weupe kiwekwe. Mwaka 1912 Wajerumani walipoupima mlima, barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa haifiki kilomita za mraba 2, na tangu hapo imezidi kupungua. Wataalamu wataja sababu zaidi ya moja: dunia kupata joto, na hewa ya mlimani kuwa kavu zaidi kuliko zamani, hata theluji inayoanguka haitoshi kufidia ile ambayo jua huila. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizobaki katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, pamoja na hii yetu, huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza leo hatakuwa mzee mwaka huo.

Turudi mezani. Kwa kipimo chetu, barafu ya mwaka 1912 ni sentimita za mraba 48, yaani kipande cha 6 kwa 8. Barafu ya mwaka 2011 ni sentimita za mraba 7, yaani kipande cha 2 kwa 3 na nusu, sawa na stempu kubwa ya barua, tena stempu yenyewe imekatwa vipande na kutawanywa huku na huku. Hiyo ndiyo theluji ya kweli ya mfano wetu. Anayefunika kilele chote kwa pamba anaonyesha mlima ambao hata babu zetu hawakuuona.

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba mlima usio na weupe mwingi haupendezi, na kwamba wazazi waliotoka mbali hawakuja kutazama mawe. Namjibu kwamba wazazi wetu ni watu wa kazi. Mkulima wa vitunguu wa hapa hadanganywi na gunia lililopangwa vitunguu vizuri juu na vibovu chini. Kwa nini sisi watoto wake tumpangie mlima wa namna hiyo?

Wa pili atasema kwamba tutawatia watoto hofu, watadhani barafu ikiisha mito nayo itakauka. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni ukweli zaidi, si pamba zaidi. Maji mengi yanayoshuka Kilimanjaro hutokana na mvua za ukanda wa msitu. Sehemu ya barafu ni ndogo sana. Basi msitu nao upakwe kwa uangalifu, upewe upana wake unaostahili, na mwenye mfano asimame aueleze. Sisi ambao mashamba yetu hunyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya nyanda za juu zenye misitu twapaswa kulielewa jambo hilo kuliko wengine.

Shauri langu ni hili. Mfano wa Kilimanjaro utakaofuata katika shule yetu utengenezwe na vilele viwili vya kubandua na kubandika. Kimoja kiwe na barafu ya sentimita za mraba 48, kiandikwe "1912". Cha pili kiwe na barafu ya sentimita za mraba 7, kiandikwe "2011". Mgeni akija, mwanafunzi avue kilele cha kwanza na kuvika cha pili mbele ya macho yake, bila kusema neno. Naamini jambo hilo litafundisha zaidi kuliko hotuba ya saa nzima. Gharama yake ni kadi, gundi na chaki.

Na nafasi ya kilele cha tatu iachwe wazi. Hicho kitengenezwe na wadogo zetu mwaka 2050, nao wakate kadi kwa kadiri watakavyoona juu ya mlima.