UCHAMBUZI: Nikeli ina faida kwa kiasi, ikizidi ni sumu

Huku ulimwengu ukizidi kuhitaji betri za magari ya umeme, hazina ya nikeli iliyoko Kabanga, wilayani Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, imekuwa gumzo kubwa katika ukanda huu.

Mnamo Januari 2021, serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba unaoipa asilimia 16 ya hisa za mradi huo. Tangu wakati huo, mjadala mwingi umehusu mapato na ajira. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: nikeli hiyo ikitoka ardhini na kuingia majini, viumbe vitaipokeaje?

Kwanza ifahamike kwamba nikeli si adui wa uhai. Mwaka wa 1975 wanasayansi waligundua kuwa kimeng'enya cha urease, kinachovunjavunja urea, hakiwezi kufanya kazi bila madini haya. Mkulima anaponyunyizia mahindi yake mbolea ya urea, mmea huhitaji chembe kidogo mno za nikeli ili kuitumia. Ikikosekana kabisa, urea hurundikana kwenye majani na ncha zake hukauka.

Hata bakteria wa Helicobacter pylori, wanaosababisha vidonda vya tumbo, huitegemea. Wao hutumia urease kutengeneza amonia inayopunguza makali ya asidi tumboni. Hata hivyo, hawaipokei ovyo. Wana protini iitwayo NikR, ambayo ni mithili ya bawabu: nikeli ikitosha ndani ya seli, protini hiyo huzuia kutengenezwa kwa milango inayoiingiza.

Mimea michache imekwenda mbali zaidi. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti uitwao Pycnandra acuminata ambao utomvu wake una rangi ya kijani-buluu kutokana na wingi wa nikeli. Mti huo huifunga nikeli kwa asidi ya sitriki na kuihifadhi mahali ambapo haiwezi kuudhuru.

Lakini mimea mingi haina uwezo huo. Mizizi yenye njaa ya madini ya chuma hufungua njia za kuyafyonza, na nikeli hupenya kupitia njia zizo hizo. Mmea hudhani umepata chakula kumbe umebugia sumu.

Mwili wa binadamu nao hauna kimeng'enya hata kimoja kinachojulikana kuhitaji nikeli. Figo huitoa kupitia mkojo, lakini uwezo wake una mipaka. Isitoshe, nikeli iliyomo katika maji yanayonywewa tumbo likiwa tupu hufyonzwa kwa wingi zaidi kuliko ile iliyochanganyika na chakula. Vumbi la misombo ya nikeli nalo limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu na ya pua miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya kuisafishia.

Hapa ndipo suala la Kabanga linapowahusu pia Wakenya. Nikeli ya huko imo katika miamba yenye salfa. Miamba ya aina hiyo ikifukuliwa na kukutana na hewa na maji, huweza kuzaa asidi, nayo asidi huyeyusha nikeli ikawa rahisi kufyonzwa na viumbe. Ngara imo katika bonde la Mto Kagera, ambao ndio mkubwa zaidi kati ya mito inayomimina maji yake katika Ziwa Victoria. Mvuvi wa Homa Bay na yule wa Bukoba wanategemea ziwa moja.

Haya si madai ya kutaka mradi uzuiwe. Tanzania ina haki ya kunufaika na mali yake. Kinachohitajika ni bawabu.

Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba nikeli katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.07 kwa lita. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake jijini Kisumu, inafaa kushirikiana na wasimamizi wa mazingira nchini Tanzania kupima maji, matope na samaki kabla uchimbaji haujashika kasi, kisha matokeo yatangazwe kwa umma kila mwaka. Bila vipimo vya mwanzo, hakuna atakayeweza kuthibitisha madhara mahakamani baadaye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bakteria hufunga mlango mapema, kabla nikeli haijafurika ndani. Serikali zetu hazina kisingizio cha kungoja hadi sumu ifike ziwani.