Ankara ya Kwanza



Jumatatu baada ya Alasiri alinijia binti mmoja wa hapa Kisauni, amekumbatia kompyuta yake. Alikuwa amewafasiria watu wa mjini vijitabu vitatu kwa Kiswahili. Kazi ameikabidhi, na wiki tatu zimepita kimya.

“Shangazi, naona haya kuwadai. Si wanajua wenyewe?”

Nikamwambia: mwanangu, haya ni katika imani, lakini kuandika haki yako si kukosa haya. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur’ani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni lenye muda maalumu, wala tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Na ujira uliokwisha kuutolea jasho ni deni.

Tukaketi tukaandika ankara: jina lake na simu, jina la mteja, tarehe na nambari ya ankara, kurasa alizofasiri na bei ya kila ukurasa, jumla, siku ya mwisho ya kulipa, na njia ya malipo, M-Pesa au benki. Tukatia na PIN yake ya KRA, kwani wateja wakubwa huiuliza.

Mfano aliokuwa ameunakili mtandaoni ulikuwa na mstari chini: atakayechelewa ataongezewa asilimia 2 kila mwezi. Huo tukaufuta. Ziada juu ya deni kwa ajili ya muda ni riba, hata ikiitwa faini. Mwenye dhiki hupewa muhula, kama ifundishavyo aya ya 280. Ama mwenye uwezo anayezungusha, Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha huko dhuluma, huyo tumkumbushe, wala tusimwanzie kazi nyingine.

Akaituma. Kabla ya Magharibi jibu likaja: “Tulidhani umejitolea.”

Binti akalia. Nikamwuliza, bei mlipatana lini? Akainama. Hawakupatana. Haya ile ile iliyomzuia kudai mwisho ndiyo iliyomzuia kutaja bei mwanzo. Baada ya maneno mengi walikubaliana nusu, naye akaridhia.

Hili si la wafasiri peke yao. Ni la mshona mabuibui wa Likoni na mchora hina wa Changamwe pia. Sharia yataka ujira ujulikane kabla ya kazi kuanza. Ankara haiumbi haki. Hukumbusha tu yale mliyokwisha kuafikiana. Basi tangulizeni ujumbe mfupi: kazi ni hii, bei ni hii, sehemu italipwa mbele. Na mkitaka kujitolea, semeni hivyo mapema, ili sadaka iwe sadaka, isije ikageuka kinyongo moyoni.

Wabillahi tawfiq.