WEWE "GURU" WA INSTA, NANI ALIKUFUNDISHA?

Wadau, leo simtaji mtu. Anayejijua anajijua. Ni dada staa, zamani tulimjua kwa mawigi na bethdei za kukodi ukumbi. Kaenda India wiki mbili, karudi na shanga na makopo ya unga wa manjano, na kwenye bio kaandika "Guru wa Ayurveda". Kopo moja linalingana na kodi ya chumba changu!

Sina ugomvi na manjano, hata mama anatia kwenye mchuzi. Ugomvi wangu ni hilo neno guru. Wenyewe Wahindu hawajipachiki tu. Kwenye Charaka Samhita, kitabu chao kikongwe cha tiba, elimu hii ilitoka kwa Brahma, ikashuka hadi kwa mapacha Ashvini, nao wakamfundisha Indra, mfalme wa miungu, ndipo ikawafikia binadamu. Umeelewa hapo? Hata mungu alikaa chini akafundishwa. Wewe wiki mbili, tena na picha za hoteli.

Na kwao haikuwa kukariri majani tu. Wanaamini mwili, akili na roho ni kama mafiga matatu, ukitoa moja chungu chini. Ndiyo maana tabia ya mganga ni sehemu ya dawa. Kitabu hichohicho kinamwambia mwanafunzi amchunguze mwalimu kwanza: je, ameshatibu watu kwa mikono yake? Ana majivuno? Ana hasira? Halafu mwanafunzi anaapishwa mbele ya moto, na kwenye kiapo kuna hili: ya nyumbani kwa mgonjwa usiyatoe nje.

Dada yetu anapost DM za wateja wake, na majina yanaonekana. Haya.

Kitabu kingine, Sushruta Samhita, kinataka anayejifunza upasuaji aanze kukata maboga na matango kabla hajamgusa mtu. Hata leo India, digrii ya Ayurveda ni miaka mitano na nusu, mwaka mmoja wa mwisho ni wa mazoezi.

Mtasema nina wivu. Sawa. Mama mdogo wangu ana presha. Alisikia kwenye laivu ya huyu guru kwamba vidonge vya hospitali "vinaziba roho", akaviweka kabatini, akawa anakunywa unga. Siku ya tisa tukamkuta sebuleni mdomo umepinda. Nilimwandikia guru, kwa heshima kabisa, nikamuuliza swali moja tu: mwalimu wako ni nani? Kanibloku.

Mama mdogo yupo, anashukuru Mungu. Kila asubuhi anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, chai inamwagika, anacheka, anajaribu tena.

Haya mashabiki wake, najua mnakuja. Matusi yenu nitayasoma yote. Ila anayemjua mwalimu wa huyo dada, aniwekee jina hapo kwenye komenti.