Mzigo unavuka mpaka, mgonjwa wa moyo anakwama

Mfanyabiashara wa mpakani akianza kuhema kwa shida, miguu ikavimba na kifua kikabana, sokoni tunataja sababu zile zile: uchovu wa safari, presha, vumbi la mitumba au kifua kikuu. Mara nyingi tunapatia. Lakini mara chache chanzo ni uvimbe uliochipuka ndani ya moyo wenyewe.

Ugonjwa huu ni adimu. Makadirio ya wataalamu ni kwamba katika maiti 10,000 zinazochunguzwa, uvimbe ulioanzia moyoni hukutwa katika mbili hivi. Kati ya watu wanne wenye uvimbe huo, watatu hivi hawana saratani. Kwa watu wazima, unaoonekana zaidi ni miksoma, ambao kwa kawaida hukaa katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Ukitolewa kwa upasuaji, wagonjwa wengi hupona.

Wa nne ndiye mwenye mtihani. Saratani inayoanzia moyoni mara nyingi ni sarkoma, na iliyo kali zaidi ni angiosarkoma. Wengi hugunduliwa ikiwa imeshafika mapafuni, na wengi hawamalizi mwaka. Upasuaji, dawa na mionzi huongeza miezi, kwa wachache miaka. Huo ndio ukweli, na sitaupamba.

Kinachouma ni kwamba kwa nje wagonjwa hawa wanafanana. Anayeanza kuwatofautisha ni daktari mwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Bila kipimo hicho, mwenye miksoma anaweza kupata kiharusi, kipande cha uvimbe kikikatika na kwenda kwenye ubongo, ilhali alikuwa mtu wa kupona. Na mwenye sarkoma anaweza kutibiwa kifua kikuu kwa sababu ya maji yaliyojaa kuzunguka moyo, miezi yake michache ikapotea.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshagawana kazi. Uganda ilipewa kituo cha umahiri wa saratani, Tanzania magonjwa ya moyo, Kenya figo. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kampala iko Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ugonjwa huu unazihitaji fani zote mbili, na hakuna nchi yetu moja inayopata wagonjwa wa kutosha ili madaktari wake wauzoee.

Lakini bima ya taifa ya mgonjwa kwa kawaida inaishia mpakani, na faili lake analibeba mkononi kwenye mfuko wa plastiki. Pale Namanga na Busia tumejenga vituo vya huduma kwa pamoja ili shehena isikaguliwe mara mbili. Kwa nini mwenye shehena apimwe upya kila anapovuka? Serikali zetu zikubaliane mambo mawili: bima zitambuane, na picha za vipimo zitumwe hospitali hadi hospitali.

Nawe msomaji, ukiona pumzi inakata kwa mwendo uliouzoea, au unazimia bila sababu, usisubiri gulio lipite. Nenda hospitali, uliza kuhusu eko. Huenda ukawa mmoja wa wale watatu.