Kometi ya mbali isiuzwe kwa punje za juu ya gunia

Anayevusha mahindi Namanga, Busia au Tunduma anaujua mchezo wa gunia. Mdomoni hupangwa punje kavu zinazong'aa, chini kumejaa zilizooza. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu haridhiki na kutazama mdomo wa gunia. Huchoma bambo hadi katikati, ndipo azungumze bei.

Wanaotangaza habari za nyota zenye mkia, ambazo wataalamu huziita kometi, wangefaa kukaa siku moja sokoni na mnunuzi huyo. Kila baada ya miaka michache husikika redioni na katika simu kwamba inakuja "kometi ya karne", na mara nyingi kinachotangazwa ni punje za juu tu.

Kometi ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Likikaribia Jua, barafu hugeuka gesi bila kuwa maji kwanza, gesi hiyo huondoka na vumbi, na vumbi huakisi mwanga wa Jua. Barafu ya maji huanza kazi hiyo kwa nguvu kometi ikiwa kilomita milioni 450 hivi kutoka kwenye Jua. Mbali zaidi ya hapo, baridi huifanya iwe ngumu kama jiwe.

Hata hivyo ziko kometi zinazofuka vumbi mbali mno. Mei 2017 darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii iliigundua moja, ikapewa jina C/2017 K2. Ilikuwa kilomita bilioni 2.4 kutoka kwenye Jua, nje ya njia ya Zohali, na tayari ilikuwa na wingu la vumbi lenye upana wa kilomita 130,000, mara kumi ya upana wa Dunia. Watafiti walipofukua picha za zamani waliikuta katika picha za mwaka 2013, ikifuka vumbi ingali kati ya Uranus na Neptune. Tena vumbi lenyewe halikuwa la unga. Lingekuwa jepesi, mwanga wa Jua ungelisukuma likawa mkia. Lilibaki limeizunguka kometi, dalili kwamba chembe zake ni kubwa kiasi, zinazokaribia milimita moja.

Maji hayawezi kufanya hivyo katika baridi ile. Wanaoshukiwa ni kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi na naitrojeni, vitu vinavyogeuka gesi kwa joto dogo sana. Kometi inayokuja kwa mara ya kwanza kutoka pembezoni mwa mfumo wa Jua huwa imebeba akiba ya vitu hivyo karibu na uso wake. Joto kidogo tu likiifikia, hufuka na kung'aa mapema. Anayepima mwanga huo na kupiga hesabu kwamba utaongezeka kwa kasi ileile hadi kometi ifike kwenye Jua, amenunua gunia bila bambo.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1973. Mwanafalaki Luboš Kohoutek aliigundua kometi mwezi Machi ikiwa bado mbali, na kwa jinsi ilivyong'aa mapema, dunia iliahidiwa maajabu. Biashara ikafuata. Desemba meli ya Queen Elizabeth 2 iliondoka New York na abiria waliolipa nauli kwenda kuitazama baharini, Kohoutek mwenyewe akiwamo. Walikutana na mawingu na bahari iliyochafuka. Kometi nayo ilipopita karibu na Jua ilionekana, lakini si kwa kiwango kilichouzwa. Hata K2, pamoja na vumbi lake lote la mapema, ilipolikaribia Jua Desemba 2022 ilihitaji darubini kuonekana.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kometi ya Tsuchinshan–ATLAS ina majina mawili kwa sababu ilionwa kwanza China Januari 2023, kisha Februari darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ikaiona yenyewe, kilomita zaidi ya bilioni moja kutoka kwenye Jua. Katikati ya 2024 mtaalamu mmoja aliandika kwamba ingesambaratika. Haikusambaratika. Oktoba iling'aa magharibi baada ya Jua kuzama, na watu waliiona kwa macho matupu.

Kwa hiyo vumbi la mbali lina thamani, ila thamani yake ni kueleza kometi imebeba nini tangu mfumo wa Jua ulipoundwa. Si hati ya kuahidi mwanga. Vyombo vya habari vya ukanda huu vina wajibu wa kumpigia simu mhadhiri wa fizikia kabla ya kusoma ujumbe uliozagaa kwenye simu. Vyuo navyo visisingizie ukosefu wa darubini. Picha nyingi za darubini kubwa huwekwa wazi baada ya muda, na hazisubiri foleni ya forodha. Mwanafunzi wa Makerere na mwenzake wa Dodoma wanaweza kuchambua picha ileile usiku uleule.

Mzigo unaofuata tayari uko njiani. Kometi ya Bernardinelli–Bernstein ina kiini cha kilomita zaidi ya 100, kikubwa kuliko kiini cha kometi nyingine yoyote kilichopimwa kwa uhakika. Juni 2021 darubini iliyoko Sutherland ndiyo iliyoonyesha kwamba inafuka vumbi, ikiwa mbali mara 20 ya umbali wa Dunia na Jua. Ukubwa huo utauzika vizuri kwenye vichwa vya habari. Lakini Januari 2031, itakapokuwa karibu zaidi na Jua, itakuwa bado nje ya njia ya Zohali, na hakuna atakayeiona kwa macho matupu, awe Mwanza, Goma au Mombasa.