Nakala za rekodi za wagonjwa zikaguliwe kila siku kama friji ya chanjo

Shangazi yangu ni mkazi wa Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza dawa za shinikizo la damu. Kila baada ya miezi mitatu hupanda matatu hadi Kiserian, akashika nyingine ya kupitia Isinya, kisha akalala kwa bintiye Kitengela ili asubuhi aiwahi kliniki moja ya kibinafsi ambako wanamjua. Mwaka jana nilimsindikiza.

Tabibu aliyekuwa zamu alilisoma faili lake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Kokoo, mbona umekaa muda mrefu hivi bila kuja?" Shangazi akamjibu kwamba alikuwa hapo hapo miezi mitatu iliyopita, na miezi mitatu kabla ya hiyo pia. Kijana akatabasamu jinsi tunavyotabasamu mzee anaposahau, akampima, akamwandikia dawa ile ile aliyoiona kwenye faili: enalapril.

Mjukuu wake ndiye aliyesoma jina hilo kwenye pakiti tulipokuwa tukitoka. Shangazi akasimama mlangoni. Dawa hiyo ndiyo iliyomvimbisha midomo na ulimi miezi mitano awali, akabadilishiwa na kliniki hiyo hiyo. Mtu aliyewahi kuvimba hivyo hapaswi kupewa tena enalapril wala ndugu zake wa jamii moja, kwa kuwa uvimbe ukirudi unaweza kuziba njia ya hewa. Onyo hilo lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa limeandikwa mahali ambapo hapakuwapo tena.

Kumbe wiki mbili kabla ya sisi kufika, stima zilipotea usiku na kurudi kwa kishindo, na diski iliyobeba mafaili ya wagonjwa wote ikafa. Fundi akaitwa, akarudisha nakala ya akiba, kazi ikaendelea. Hakuna aliyetazama nakala hiyo ilikuwa ya lini. Ilikuwa ya miezi saba iliyopita.

Nilirudi kuzungumza na mwenye kliniki, naye kwa uungwana wake akanionyesha kisanduku cheusi chini ya meza, chenye taa ya kijani. Kilinunuliwa kwa kazi hiyo tu: kila saa nane usiku kompyuta kuu ilipaswa kutuma humo nakala ya mafaili yote. Kilikuwa kimejaa. Kila usiku kwa miezi saba kazi ilianza, ikakosa nafasi, ikaacha. Taa iliendelea kuwaka kijani kwa sababu taa hiyo huonyesha kwamba kisanduku kina umeme, basi.

Nayasema haya si kwa ajili ya kuiumbua kliniki moja. Kompyuta katika hospitali zetu ni jambo jema, na Wakenya tuna haki ya kujivunia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani, na kutokana na kazi hiyo ilizaliwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumiwa na kliniki nyingi zinazohudumia wenye virusi vya HIV nchini, ni mtoto wa programu hiyo. Isitoshe, bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Safari ya kuachana na karatasi imeanza na hairudi nyuma.

Lakini tumeacha karatasi bila kuuliza ilikuwa ikitufanyia kazi gani. Shangazi alikuwa na daftari, lile la kurasa chache linalonunuliwa dukani, ambalo kila daktari aliandika ndani yake na yeye akarudi nalo Oltepesi. Kwa lugha ya mafundi, hiyo ilikuwa nakala ya pili, kwenye chombo cha aina nyingine, katika mji mwingine. Kijitabu cha mama na mtoto hufanya kazi hiyo hiyo hadi leo. Kliniki ikiungua, mtoto bado anajulikana alichanjwa nini. Kompyuta ilipoletwa, shangazi aliambiwa daftari si lazima tena. Akaliwashia moto.

Mpiga picha wa Kimarekani aitwaye Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo mafundi huikariri kote duniani: uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na hapo ulipo. Mfugaji wa Kajiado hahitaji kufundishwa jambo hili. Ng'ombe wake hawako wote katika boma moja. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa upande wa pili wa mlima, na wale wa huko wako kwake. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023, ulioua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, ulimwacha na kitu yule aliyekuwa ametawanya.

Kuna wakubwa wa hospitali wanaoamini kwamba wamemaliza mambo kwa sababu wana seva mbili zinazofanana, moja ikianguka nyingine inashika. Hilo ni zuri, na hospitali kubwa inalihitaji ili wodi zisisimame. Lakini si nakala ya akiba. Seva pacha ni kioo: karani akifuta faili kwa bahati mbaya upande huu, linafutika upande wa pili papo hapo. Kirusi kikiharibu hapa, kinaharibu na kule. Nakala ya akiba ni picha ya jana, na ya juzi, na ya mwezi uliopita, isiyoguswa na yanayotokea leo. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoingia katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mashirika yasiyopungua 80 kati ya 236 yanayoendesha hospitali huko yalivurugwa, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ikafutwa. Kirusi cha aina hiyo hufunga kila diski inachoifikia. Nakala iliyounganishwa kwenye kompyuta ile ile mchana kutwa inafungwa pamoja nayo, na ndiyo sababu nakala moja lazima iwe imechomolewa, au iwe mahali pasipokubali kufutwa wala kubadilishwa kabla ya muda wake.

Sasa tuje kwenye jambo linalosahaulika zaidi, nalo ni kazi yenyewe ya kunakili. Nani huifanya? Kwa kawaida ni mashine moja, saa moja ya usiku. Mashine hiyo ikilala, kazi inalala. Ni sawa na wodi yenye muuguzi mmoja wa usiku bila wa kumpokea. Hospitali yenye wagonjwa wengi inapaswa kuwa na mashine mbili zinazoweza kufanya kazi hiyo. Hutumiana ishara kila baada ya sekunde chache. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inaishika zamu. Hapa pana mtego: waya kati yao ukikatika, kila moja inaweza kudhani mwenzake amekufa, zote mbili zikaandika kwenye nakala moja na kuivuruga. Kwa hiyo huwekwa shahidi wa tatu, hata kama ni kompyuta ndogo ya bei nafuu, na mashine haiingii kazini bila kukubaliana naye. Wawili wakigombana huwezi kujua nani mkweli. Watatu wakiwepo, wengi ndio huamua.

Jinsi ya kunakili nayo si jambo la kupuuza. KenyaEMR huweka rekodi zake katika hifadhidata ya MySQL, na hifadhidata ikinakiliwa kama faili la kawaida huku wauguzi wakiendelea kuandika, waweza kupata nakala yenye rekodi zilizokatika katikati. Nakala ya kutegemewa hutolewa kwa zana za hifadhidata yenyewe. Fundi anayekuja na diski ya mfukoni, akaburuta faili na kuondoka, ametubebea gunia bila kutazama kama lina mahindi au mabua.

Aidha, diski hiyo ya mfukoni isiyofungwa kwa ufunguo wa siri ina majina ya watu na magonjwa yao. Ikianguka ndani ya matatu ya Rongai, siri za mji zimetoka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inamtaka anayezihifadhi aweze pia kuzirejesha kwa wakati ufaao baada ya ajali. Wengi husoma upande wa kuficha wakaruka upande wa kurejesha.

Kilichoiponza kliniki ya Kitengela kiliwahi kuwaponza mabingwa. Januari 31, 2017, katika kampuni ya programu ya GitLab, mhandisi aliyekuwa akihangaika usiku alifuta hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walikuwa na njia tano za kujilinda na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kazi ya kunakili ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo la programu halikulingana na la hifadhidata, na barua za kuwaarifu wahusika zilikuwa zikikataliwa na mtambo wa barua. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mtu aliitoa kwa mkono wake, saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Ndiyo maana nasema kengele ya kulia kazi inaposhindwa haitoshi, kwa kuwa aliyekufa hapigi kengele. Kazi ya usiku iripoti kila ilipofanikiwa, iripoti mahali pengine, na asubuhi ripoti isipoonekana huo ukimya wenyewe uhesabiwe kuwa hatari. Katika kila kituo cha chanjo kuna karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na muuguzi huandika joto la friji asubuhi na jioni, pamoja na sikukuu, kwa mkono wake. Hakuna anayeridhika kwa kuona taa ya friji inawaka. Kwa nini tusibandike karatasi ya namna hiyo kando ya seva: tarehe, ukubwa wa nakala ya jana, nafasi iliyobaki, jina la aliyekagua? Nakala iliyokuwa ikikua kila siku kisha ghafla ikasimama ukubwa ule ule kwa wiki nzima, hata mtu asiyejua kompyuta ataishuku. Karatasi hiyo ingemgharimu mwenye kliniki shilingi chache.

Na mara moja kwa mwezi nakala irudishwe kwenye kompyuta nyingine isiyo ya kazi, muuguzi aketi na kutafuta mgonjwa aliyemhudumia jana yake. Akimkuta, vema. Asipomkuta, tumejua mapema.

Mahali pa kuweka nakala ya mbali pia panataka akili. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Kitengela na Athi River kwa pamoja. Kuweka seva Kitengela na nakala yake Athi River, tena katika vyumba vya chini, ni kuziweka zote katika korongo moja. Wapo watakaosema dawa ni kutuma kila kitu kwenye wingu. Sina ugomvi na wingu kama nakala mojawapo, lakini Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikatambaa mtandaoni. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani, ikawa vivyo hivyo Novemba na Desemba. Mgonjwa hangoji nyaya ziungwe. Na ukubwa wa serikali si kinga: Septemba 26, 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma ya terabaiti 858 ikateketea bila nakala nje ya jengo. Walikuwa wameona ni kubwa mno kunakiliwa.

Najua jibu la kwanza litakuwa pesa. Sitazamii zahanati za barabara ya Magadi, ambazo muuguzi huchanja, huzalisha na kujaza ripoti yeye mwenyewe, zianze kuendesha seva pacha. Hiyo ni kazi ya kaunti, iliyokabidhiwa afya tangu 2013. Kituo kimoja cha kupokea nakala mjini Kajiado na kingine mbali na hapo vingezitosha zahanati zote, na zahanati yenye mtandao dhaifu itume yale tu yaliyobadilika tangu jana, ambayo ni machache. Zahanati inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya siku moja kama daftari la mezani bado linajazwa. Wodi ya wazazi au maabara ya hospitali kubwa haiwezi kuvumilia hata saa moja. Kila wakuu wa afya wanapoomba bajeti ya kompyuta, madiwani wawaulize swali hilo: mnaweza kupoteza saa ngapi? Jibu lake ndilo litakalopanga gharama.

Mwenye kliniki ya Kitengela amenunua diski kubwa zaidi na mashine ya pili. Nilipomuuliza kama wamewahi kujaribu kurudisha faili hata moja kutoka humo, alimgeukia fundi, na fundi akasema wataanza mwezi ujao. Shangazi hakungoja. Amenunua daftari jingine, na kila akiingia kwa tabibu huliweka mezani kwanza kabla ya kusema anaumwa wapi.